Chupa Isiyopungua

Dada yangu aliweza kukata yai moja la kuchemsha vipande sita, ukivipanga kwenye sahani huoni kipi kikubwa na kipi kidogo. Sitanii. Alikuwa anatumia uzi. Anauzungusha, anauvuta, yai linaachia, na kila kipande kinatoka na kiini chake na weupe wake. Halafu anawaambia watoto wachague wenyewe, yeye anasimama pembeni mikono kiunoni kama refa. Kina mama wa pale uani wakambandika jina la Bi Sawasawa, na likamganda kiasi kwamba hata mwenye nyumba akija kuuliza habari za bomba lililoziba, anauliza, "Bi Sawasawa yupo?"

Mimi ni mdogo wake, na nina hasira za karibu. Nasema mapema, maana sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata mimi mwenyewe. Kazi yangu ni dirisha la dawa kwenye kituo cha afya, mwaka wa kumi na tisa huu. Mtu akiniambia "nimeelewa" kabla sijamaliza kueleza, namrudisha nyuma ya foleni akaelewe huko. Wananisema sana. Wacha waseme, mdomo mali yao.

Hiyo sawasawa ya dada haikuanguka kutoka mbinguni. Mama yetu alifariki mimi sijaota meno ya mbele, baba akaoa, na yule mama aliyetujia alikuwa anakata mkate kwa kufuata roho yake ilivyoamka. Wanawe vipande vinene vya katikati. Sisi kile kipande cha mwisho, kigumu kama kisigino. Dada alikuwa anakichukua, anakwenda nacho nyuma ya nyumba, anakikata mara mbili, ananipa nusu. Siku moja kilikatika vibaya, nusu yangu ikawa kubwa. Akaing'ata kidogo zikalingana, kisha ndiyo akanipa. Nililia kwa hasira. Alikuwa na miaka tisa.

Ilipofika habari ya shule baba akasema atasoma mmoja. Dada akawahi: "Aende mdogo wangu, mimi kichwa changu kizito." Uongo mtupu! Yeye ndiye aliyenifundisha kuzidisha, kwa punje za maharage, chini ya kitanda. Akaenda kufua nguo za watu. Akaolewa na mwashi mmoja, akabeba mimba mbili, zote hazikukaa. Mwashi akapata mahali pengine pa kujenga, ukinielewa, na dada akaja kupanga chumba mkabala na changu. Mlango kwa mlango. Kutoka kitandani kwangu nilikuwa namsikia akipiga chafya.

Watoto walianza kwa mmoja. Jirani yetu wa mlango wa nne, mshonaji kiwandani, alijifungua binti na hakuwa na mtu wa kumwachia. Dada akasema mlete. Yule binti alipoanza kusema hakunyamaza tena: anaongea na kuku, anaongea na ndoo, anaongea usingizini. Tukamwita Chiriku. Akina mama wengine wakaona mtoto ananawiri, wakaleta wao. Wakafika sita. Mama zao wanaondoka alfajiri, wanarudi jua limezama, na mchana kutwa watoto ni wa Bi Sawasawa. Sheria yake ilikuwa moja tu: pale uani hakuna mtoto atakayelamba kitu kitamu mwenzake anamtazama. Ukimletea mwanao pipi moja, kaa nayo mfukoni au lete sita. Mjomba mmoja alileta biskuti mbili, dada akazisaga unga, akawagawia kwa kijiko. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Jumamosi moja nilirudi kazini nimechoka, kituo kilikuwa kimefurika wagonjwa wa mafua. Nikamkuta dada anawafuta watoto makamasi. Kitambaa kimoja, pua sita. Akina mama watatu walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanasukana. Ningeweza kumvuta pembeni. Lakini mimi na mdomo wangu! Nikasema kwa sauti, "Dada, kumbe hata makamasi unawagawia sawasawa?" Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja alilala chini kabisa.

Dada hakucheka. Alikikunja kile kitambaa mara nne, taratibu, akasema, "Mimi nimekubeba mgongoni. Leo unanifundisha kulea, mbele za watu." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo tukanuniana. Shikamoo nampa, marahaba ananijibu, basi. Kama nina neno namtumia kupitia jirani. Wiki mbili nzima, milango inatazamana na sisi hatutazamani. Nilijua mwenye kosa ni mimi. Nilikuwa nasubiri atangulie kusema, kwa sababu maisha yetu yote yeye ndiye aliyekuwa akitangulia.

Katikati ya kununa huko Chiriku akaugua. Mama yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akamleta kituoni. Homa, kikohozi, anapumua mbiombio. Daktari akamsikiliza kifua, akasema ni nimonia, imeanza lakini haijawa kali. Atibiwe nyumbani kwa dawa ya maji ya kuua bakteria, siku tano, na akizidi arudishwe palepale. Wakaja dirishani kwangu.

Kwa kawaida ile dawa naichanganya mwenyewe. Inakuja unga ndani ya chupa, unatia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye mstari, unatikisa, imekuwa tayari. Siku ile birika letu la umeme lilikuwa limeungua tangu asubuhi, na maji ya kuchemsha yalikwisha saa tatu. Kwa hiyo nikampa chupa na unga wake.

Nilimweleza, hilo siwezi kujilaumu. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, tia mpaka mstari huu, tikisa. Kila mara kabla ya kumpa, tikisa tena. Pima kwa kijiko hiki cha plastiki kilichomo kwenye boksi, si kijiko cha chai, vijiko vya chai kila nyumba ina chake. Kimoja kilichojaa asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Hata akiamka anaruka kesho, usiache, maliza siku tano. Ni ya huyu tu, kwa uzito wake huyu. Akitoka vipele au akivimba midomo, acha dawa, mbio hapa. Akipumua mpaka mbavu zinabonyea ndani, usisubiri kuche. Nikamwambia anirudishie maneno. Akayarudisha yote, vizuri kabisa. Mwanamke yule si mjinga.

Lakini anayeondoka alfajiri si yeye atakayempa mtoto dawa ya asubuhi. Wala ya mchana. Na mimi nilijua atakayempa ni nani. Nilijua analala wapi, nilijua hata anakoroma vipi. Nikiwa bado nimeishika ile chupa nikawaza: jioni nikifika nimweleze dada. Kisha nikawaza: nikimweleza atasema namfundisha tena. Basi mama mtu atamweleza. Nikaita anayefuata.

Mama mtu alimweleza alfajiri, amesimama mlangoni, viatu mkononi, gari la kiwandani linapiga honi barabarani. Baadaye ndiyo nilikuja kujua kilichobaki katika maneno yangu yote yale. Kilibaki: mara mbili unampa wewe, usiku nampa mimi, itikise, maji yawe mpaka kwenye mstari.

Dada alichemsha maji. Akayapoza. Akatia mpaka mstari, akatikisa, akampa Chiriku kijiko kilichojaa. Dawa ile ina harufu ya pipi na rangi ya waridi. Watoto watano walikuwa wamesimama mbele yake wanatazama.

Niliiona ile chupa siku ya pili, napita kwenda kazini. Ilikuwa kwenye dirisha la dada, upande wa kivulini, imefunikwa kitambaa chenye maji ili isipate joto. Msafi dada yangu. Nikaiona jioni. Nikaiona siku ya tatu. Imejaa mpaka mstari. Jicho la mtu aliyekaa na chupa miaka kumi na tisa lilipaswa kushtuka, maana dawa inayonywewa hupungua. Jicho liliona. Shingo ndiyo iligeuka, kwa sababu dada alikuwa amekaa pale pale chini ya dirisha na sikutaka adhani namtazama.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliingia kituoni amembeba mwanawe mikononi. Huyu mtoto ni mmoja wa wale sita, Kibonge tunamwita, mnene wa kupendeza. Siku hiyo hakupendeza. Mwili mzima vipele vimetutumka, macho yamefumba, midomo imetuna. Wakamdunga sindano haraka, wakamlaza wamwangalie. Muuguzi anamuuliza baba: mtoto amekunywa dawa gani? Fundi anaapa, "Hajanywa dawa yoyote! Nimemchukua kwa Bi Sawasawa mzima kabisa, amevimba njiani! Huyu haumwi, huyu anakula tu!"

Alipotulia wakaniletea cheti chake nitoe dawa ya kuzuia kuwashwa. Nikatoka dirishani, nikaenda kumuona, maana ni mtoto wa nyumbani. Nikamuuliza, "Kibonge, umekula nini leo?"

Akasema kwa mdomo ule uliovimba, "Dawa ya Chiriku. Bibi anatupa wote."

Sikuaga mtu. Nilitoka na koti jeupe la kazi mwilini, nikapanda pikipiki ya kwanza, na njia nzima nilikuwa naiona ile chupa.

Nilipoingia uani watoto wanne walikuwa wamejipanga mstari, kwa urefu. Dada amepiga magoti mbele yao, kijiko cha plastiki mkononi, anapima nusu, anakiinua usawa wa jicho, anakagua. Pembeni yake chupa ya chai iliyojaa maji ya kuchemsha, yaliyopoa. Alimaliza kumpa wa mwisho. Akaichukua ile chupa, akaongeza maji mpaka mstari, akafunga, akatikisa. Ndani yake mlikuwa na maji ambayo hata waridi hayakuwa tena.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilimnyang'anya ile chupa mkononi na watoto wakaanza kulia.

"Una nini wewe?" dada akasema. "Mama yake kasema maji yawe kwenye mstari. Kila siku nimeyaweka kwenye mstari."

"Na hawa? Hawa nani kakwambia uwape?"

"Wanakohoa na wao. Kikohozi cha mmoja si cha wote? Nikaona niwakinge kabla hawajalala kitandani kama mwenzao." Akanitazama usoni, akaanza kuogopa. "Na yeye nampa sawa na wao. Sikumpunja. Wallahi sikumpunja."

Nikamuuliza Chiriku yuko wapi, ingawa nilikuwa nimeshajua, kwa sababu uani sikusikia sauti yake. Alikuwa ndani, kwenye godoro, amefunikwa vizuri. Dada akasema leo amekuwa mpole, anapumzika. Nikamfunua. Kila akivuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inazama ndani, unaingiza kidole. Tundu za pua zinapanuka. Midomo imeanza rangi ya majivu. Akaniona, akafungua kinywa aseme, ikashindikana, akafumba.

Nikamweka kifuani, dada nyuma yangu bila viatu, mpaka hospitali kubwa. Nilimwambia daktari yote palepale mlangoni: mtoto ana nimonia, ameandikiwa dawa siku nne zilizopita, amekuwa akipewa nusu dozi na tena maji matupu. Hakuuliza mengi. Wakamwekea hewa puani, wakatafuta mshipa mkononi, wakakosa, wakatafuta mguuni. Sindano juu ya sindano. Dada alikuwa amesimama ukutani amejikunyata, anatazama kila kinachofanywa, kama mtu anayetakiwa aje akirudie.

Mama mtu alifika na nyuzi za kiwandani bado zimemganda begani. Daktari akamweleza kwa upole. Dawa haikumfikia mtoto ya kutosha, bakteria hawakufa, ugonjwa umeshuka mapafu yote mawili. Yule mama alikuwa anatikisa kichwa. "Dawa amekunywa," anasema. "Usiku nampa mwenyewe kwa mkono wangu. Kijiko kimejaa. Amekunywa kila siku."

Hapo dada akatoka ukutani.

"Yalikuwa maji," akasema. "Uliyokuwa unampa usiku yalikuwa maji. Dawa niliwagawia wote, ikishuka naongeza maji. Ni mimi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, na sitaki kuona tena. Mshonaji alimtazama dada muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, polepole, akili yake inafanya hesabu.

"Mama wa dawa," akasema. "Ninyi si mnaishi mlango kwa mlango? Mimi nilimwambia mbio mbio, gari linanisubiri. Nikajua wewe utamweleza vizuri, si kazi yako? Hukumweleza?"

Hilo swali nilikuwa nalo tumboni tangu uani. Nikafungua mdomo. Mimi, ninayewarudisha watu nyuma ya foleni, nikaanza kufunga vifungo vya koti.

Dada akasema, "Alinieleza. Jioni ile ile alinieleza, neno kwa neno. Mimi ndiye sikusikia, kichwa changu kizito."

Na mimi nikanyamaza. Daktari amesimama, muuguzi amesimama, mama wa mtoto ananitazama, na mimi nikaangalia sakafu, nikaiacha ile kauli ipite kana kwamba ni kweli. Mwaka wa kumi na tisa kazini. Nilikuwa nimevaa koti jeupe lenye jina la kituo kifuani, na nilihofia koti.

Chiriku alipigana siku mbili. Mchana wa siku ya pili, saa saba, akachoka. Mama yake alikuwa amemshika mkono huu na mimi nimeshika bomba la hewa, lililokuwa halina kazi tena. Miaka minne na miezi mitatu. Nimeshaona watoto wakifa kazini kwangu, nilidhani nimezoea. Nilitoka nje, nikakaa chini kwenye saruji karibu na mabomba ya kunawia, nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Mshonaji hakumpigia dada kelele. Afadhali angempigia. Alipita mbele yake kwenye ukumbi, akasimama, akasema, "Nilikuachia mtoto, sikukuachia pipi." Akaenda zake. Dada aliitikia kwa kichwa, kama vile ameambiwa jambo la haki.

Wiki ile watoto wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Huyu amepata shangazi wa kumsaidia, huyu ratiba ya kazi imebadilika, fundi baiskeli akasema Kibonge ataanza kukaa naye karakanani. Kila aliyekuja kuchukua kikombe cha mwanawe dada alikuwa ameshakiosha na kukifuta. Baada ya hapo alikuwa anakaa mlangoni kuanzia asubuhi, uani kumefagiliwa mara mbili, hana wa kumgawia chochote. Alikonda. Nilikuwa nampelekea chakula, anakula kidogo, anasema asante mdogo wangu. Tulikuwa tumeanza kuongea tena. Ndivyo tulivyopatana, mnaona bei yake.

Kazini nikabadilisha mtindo. Sikuulizi tena kama umeelewa. Nakuuliza, nani atampa? Ni bibi? Ni dada wa kazi? Ni mtoto mkubwa? Basi kamlete huyo hapa dirishani, mimi nitasubiri. Watu wanafoka, foleni inafika getini, mkuu wa kituo amenionya mara mbili. Wacha anionye. Mzee mmoja alinisifu: mama wewe una moyo wa kazi. Nilitamani kumtemea mate, na hata hakuwa na kosa.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza dada, "Kwa nini ulisema nilikueleza?"

Alikuwa anashona kishikizo. Hakuinua macho. "Wangekufukuza. Mimi kazi yangu ilikuwa imeshakwisha pale pale. Tukose wote wawili, ingemrudisha nani?" Akakata uzi kwa meno. "Halafu mdogo wangu, hata ungenieleza siku ile, sijui kama ningekusikiliza. Nilikuwa nimekununia sana."

"Ningekueleza kwa nguvu."

"Ndiyo," akasema. "Wewe ungenieleza kwa nguvu."

Hakuwa ananilaumu. Kama angenilaumu ningelala usingizi siku ile. Mwezi mzima nilikuwa namwona mshonaji akipita mbele ya mlango wa dada bila kugeuza shingo, na kila akipita dada anasimama, anamwamkia, yeye hajibu. Kisha mimi nikitokea ananisalimu vizuri kabisa. Ananiuliza habari za kazi. Siku moja alinishukuru kwa kumbeba mwanawe mpaka hospitali.

Jumapili nikaenda kwake mlango wa nne. Alikuwa anakunja nguo ndogondogo, anaziweka kwenye mfuko, anazitoa, anazikunja tena. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazungushazungusha maneno.

"Dada hakuelezwa. Nilikusikia ukiniuliza, nikamwacha aseme uongo. Sikumweleza chochote. Tulikuwa tumenuniana."

Akaacha kukunja. "Mmenuniana kwa nini?"

"Kitambaa cha makamasi. Nilimcheka mbele yenu."

"Kitambaa cha makamasi," akarudia. Na yeye alikuwepo siku ile, kwenye ngazi, alicheka. Nadhani alikumbuka. Akauliza, "Siku nne zote ulikuwa unapita pale?"

"Nilikuwa napita."

"Na chupa uliiona?"

"Niliiona. Imejaa."

Nilisubiri kofi. Nililitaka. Hakunipiga, wala hakulia. Aliuweka ule mfuko wa nguo juu ya kitanda, akatafuta mtandio wake, akajifunga, akanipita mlangoni bila kunigusa, kama unavyopita nguzo. Nikamfuata kwa nyuma. Akavuka uani mpaka kwa dada, akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Nikasikia dada anaburuta kiti.

"Karibu. Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Akaingia. Niliwaona kwa upenyo wa pazia, wamekaa kitandani, mshonaji ameinamisha kichwa kwenye bega la dada, mabega yake yanatikisika, na dada amemshika kwa mikono miwili, midomo inatembea, anamwambia neno ambalo sikulisikia. Nikasogea mpaka mlangoni. Nikapiga hodi. Walinisikia, kwa sababu dada aliinua macho akanitazama kupitia upenyo ule, akayarudisha kwa mwenzake. Nikapiga tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Hakuna aliyesema karibu.